Nati Nyekundu ya Shangazi Mnyororo

Saa moja asubuhi. Ukungu bado umeulalia mlima, na Shangazi Mnyororo amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, amekumbatia mkoba wake kama mzazi aliyempeleka mtoto kuchanjwa.

Aliyeletwa si mtoto. Ni pampu ya dizeli ya pikapu anayoitumia kuvuta magari mabovu. Aliyeinama juu yake ni fundi pampu mwembamba ambaye mji mzima unamwita Nozeli.

"Shemeji, sijaigusa bado," anasema Nozeli bila kuinua kichwa. "Pumua."

"Napumua."

"Hupumui. Nakusikia usivyopumua."

Jina la Shangazi Mnyororo alipewa na madereva. Gari likizima njiani, mtu hupiga simu na kusema "niitieni Shangazi", naye hufika na pikapu yake ya rangi ya majivu. Hulizunguka gari mara moja, huuliza swali moja tu, "Gia iko huru?", kisha hulala chini mwenyewe kufunga ndoano. Ana umri wa miaka arobaini na moja. Wanaume waliozoea kumwambia "mama, hebu sogea" siku hizi humshikia tochi.

Kazi hiyo inalisha nyumba na kumsomesha binti yake wa miaka kumi. Lakini kuna kitu kimoja pikapu haiwezi: kuupanda mlima hadi juu. Hata ikiwa tupu hujikongoja hadi katikati tu.

Mji wake uko chini. Juu, baada ya kona nyingi za kupindapinda, kuna gereji kubwa na stendi ya mabasi ya masafa marefu. Magari mengi huharibikia katikati, na wenyewe hutaka yapelekwe juu. Yeye huyashusha tu. Ya kupandisha huchukuliwa na lori la watu wengine.

"Katika simu tano, tatu nazikataa," anasema. "Unajua kukataa kazi na huku unga umekwisha? Unakata simu, unaikodolea macho."

Mwezi uliopita alijaribu. Alifunga basi dogo tupu, akaingia mlimani. Kwenye kona ya tatu pikapu ikaishiwa pumzi, na lori la mchanga likayavuta magari yote mawili hadi pa kugeuzia. Tangu siku hiyo vijana wa kituoni humsalimia, "Mvutaji, umevutwa salama?"

"Nimevutwa salama," huwajibu. "Na wewe uliyeegemea huo ukuta tangu asubuhi, anakuvuta nani?"

Pamoja na utani huo, wenye mabasi madogo wamempa nafasi nyingine. Akilifikisha basi moja juu bila kusimama, kazi zao zote za mlimani zitakuwa zake. Jaribio ni Ijumaa. Leo ni Jumatano.

Mtu angeuliza kwa nini pampu haikuongezwa nguvu miaka yote hii. Jibu liko pembeni ya pampu yenyewe: skrubu inayoamua injini ipewe mafuta kiasi gani, iliyofungwa kwa nati, na juu ya nati tone la rangi nyekundu ya kucha.

Rangi ni ya Shangazi. Aliyeidondosha hapo ni mume wake, fundi, asubuhi ya kuondoka kwenda kutunza majenereta kwenye machimbo ya nchi ya mbali. Alimwambia, "Nati hii asiiguse mtu mpaka nirudi." Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Sasa ni mwaka wa nne. Hupiga simu Jumapili, mtandao ukikubali.

"Watu hufunga nyumba zao kwa kufuli," anasema Shangazi. "Mimi yangu imefungwa kwa hiyo nati. Nikiifungua, nitakuwa nimesema nini?"

Nozeli anavuta tairi kuukuu, anaketi. Si mtu wa haraka.

"Kwanza niambie, unataka nguvu au unataka moshi? Wengi wanaokuja hapa wanataka moshi. Wakiuona mweusi nyuma wanafurahi. Moshi mweusi ni chakula kilichoungua, shemeji. Jirani akisikia harufu anadhani mnakula vizuri."

Shangazi anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

Nozeli anamweleza njia tatu. Anaweza kumfungia pampu ya gari kubwa zaidi. Italeta mafuta mengi, lakini injini haina hewa ya kuyachoma, na joto litayeyusha pistoni mlimani. Anaweza kumfungia turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, pamoja na pampu inayoongeza mafuta kadiri hewa inavyoongezeka. Hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote, ila bei yake ni mapato ya Shangazi ya miezi mitano. Au waibakize pampu hiyohiyo, wabadilishe nozeli zilizochoka, zile ncha za kunyunyizia mafuta, na chujio la hewa, waweke geji ya joto la moshi, kisha waifungue skrubu kidogo.

"Ya kwanza itaua injini, ya pili itakuua wewe kwa madeni," anasema. "Ya tatu..." Anaitazama nati. "Ya tatu ina mwenyewe."

"Weka turbo."

"Kwa hela ipi?"

"Nitakopa."

"Utakopa hela ya nusu gari ili usiguse nati moja?"

Shangazi anafungua mkoba, anaufunga tena.

Nozeli anainuka, analowesha kitambaa kwa petroli na kufuta uchafu kuizunguka ile skrubu. Anafuta, anasimama, anafuta tena. Anaomba tochi. Utani umemtoka usoni.

"Njoo uone."

Mafundi pampu wana desturi yao. Hakuna anayegeuza skrubu ya mafuta kabla hajakwaruza alama mbili zinazotazamana, moja kwenye skrubu na nyingine kwenye mwili wa pampu, ili akitaka kurudi alikotoka aijue njia. Chini ya uchafu wa miaka minne alama hizo zipo. Lakini hazitazamani tena. Zimeachana robo mzunguko.

"Hii ni mikwaruzo ya mkono wa mumeo. Tumejifunzia benchi moja, naijua," anasema Nozeli polepole. "Zilipokutana ndipo pampu ilipokuwa alipoendesha yeye. Halafu akaibana, mafuta yakapungua. Ndipo akapaka rangi."

Shangazi anachukua tochi, anaangalia mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi nimelinda nini?"

Si Jumapili, lakini anampigia mumewe simu. Upande wa pili kunanguruma mitambo.

"Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mtoto mzima. Niambie habari ya nati."

"Uko kwa Nozeli."

"Niko kwa Nozeli."

"Mwambie anawe mikono kwanza."

"Uliibana."

Mngurumo unafifia, kama mtu aliyetoka nje na kurudisha mlango.

"Niliibana," anasema. "Ulikuwa na miezi mitatu tu ya kuendesha. Ule mlima unaunguza breki za watu wazoefu. Nilijua ikiwa na nguvu utaupanda wiki hiyohiyo, wewe nakujua. Nikasema nikirudi nitapanda na wewe mara mbili tatu, kisha niifungue. Nilidhani nitarudi kabla hujauhitaji mlima."

Nozeli anatafuta spana kwenye boksi. Spana hiyo anayo mkononi.

"Breki nimebadilisha mara mbili tangu uondoke," anasema Shangazi.

"Sikujua."

"Hukuuliza."

"Haya, sasa nauliza. Zinashika?"

"Zinashika."

"Basi fungua. Fika kwenye mkwaruzo, usiupite. Na ufungue wewe, si yule."

Nozeli anampa spana. Nati inagoma, kisha inakubali. Rangi nyekundu inapasuka na kudondoka vipande vipande kwenye sakafu yenye mafuta. Shangazi anaigeuza skrubu kwa bisibisi hadi alama zinapokutana, anaishikilia, Nozeli anakaza nati. Ncha mpya za mafuta na geji vinamalizwa kufungwa mchana.

Jioni, anapoingia uani kwake, binti yake yuko mlangoni tayari, hajapigiwa honi.

"Mama, ni wewe?"

"Ulidhani nani?"

"Gari limenguruma kama zamani," anasema mtoto. "Nilidhani baba."



Ijumaa, basi dogo limefungwa nyuma. Shangazi anaingia mlimani kwa gia ya pili, jicho moja barabarani, jingine kwenye geji. Kona ya tatu inakuja, inapita. Moshi nyuma ni mwembamba, wa kijivu, wa kuwakatisha tamaa vijana wa kituoni. Mshale wa joto unapanda, unausogelea wekundu. Anapunguza mguu kidogo, unatulia. Hasimami hadi juu.

Katibu wa wenye mabasi anampa mkono. "Jumatatu uje tuandikishane, Shangazi."

Mpango wake ni kuweka akiba kidogo kidogo kutokana na kazi za mlimani hadi afunge turbo, kwa fedha yake na si ya mkopo. Nozeli amemuuliza kama aipake nati rangi nyingine. Amekataa. "Akirudi ataipaka mwenyewe. Nimemnunulia kichupa kipya."

Upande wa pili wa stendi, basi la kutoka mpakani, njia atakayorudia mumewe, limeegeshwa, na abiria wanashuka na mabegi yao. Kwa miaka minne hakuwahi kuliona. Huishia huku juu.

"Nilikuwa nawaza, siku akija atashukaje na mizigo yote ile," anasema. "Atapanda gari la nani? Sasa nitakuja kumchukua mwenyewe."

Anaweza kuondoka, maana basi dogo limeshakabidhiwa. Anakunja mnyororo taratibu, pete kwa pete, macho yake mlangoni mwa lile basi, hadi abiria wa mwisho anaposhuka. Ndipo anapowasha gari.