Jogoo wa Sadaka

Kuku yule mwekundu nilipewa na mama kabla hajafariki. Nilitoka naye Basotu nimempakata kwenye basi mpaka hapa Tlawi nilikoolewa. Kwa hiyo asubuhi nilipomkuta nyuma ya zizi, ngozi ya mgongo imechanika hadi kwenye bawa na jogoo wa baba mkwe bado yuko juu yake anadonoa, nilimfukuza kwa mwiko, nikimtukana kwa maneno ambayo mke wa mtu hayatamki uani kwa wakwe.

Nilimwosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikampaka manjano, nikamfunika kwa tenga karibu na mafiga, maana baridi ya huku haimhurumii mgonjwa. Akagoma kula. Nikawa namdondoshea uji mdomoni, kila mara namgusa kifua kuona kama bado kina joto. Niliogopa kumpoteza mama mara ya pili.

Nikamwendea baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, huyu jogoo ataniulia kuku. Naomba achinjwe."

"Huyo ni wa Mungu. Nilishamwahidi kanisani. Subiri Jumapili ya mavuno."

Nani abishane na Mungu? Nikasubiri, roho juu. Taratibu kidonda kikakauka, kuku akaanza kudonoa mtama.

Jumapili, baada ya ibada, sadaka zikanadiwa nje ya kanisa kama kawaida: maboga, mayai, kondoo mmoja. Alipoinuliwa jogoo wetu, kimya. Majirani wote waliijua tabia yake. Mmoja akataja bei ya kifaranga, watu wakacheka. Nikamwona baba mkwe anakunja uso, nikajua tumekwisha. Akanyoosha mkono, akataja bei ya kufunga midomo yote. Akapigiwa makofi. Mungu akapata chake, sisi tukarudishiwa chetu.

Njiani alimbeba kwapani, kifua mbele. Mimi nyuma yake nilikuwa nalia kwa hasira.

"Baba," nikamwambia tulipofika uani, "sadaka imeshapokelewa. Sasa si anaweza kuchinjwa?"

"Nimchinje leo, watu wameniona nikimkomboa? Watanicheka." Akamfungua kamba miguuni, akamwachia.

Niliingia jikoni. Kuku wangu alikuwa amelisukuma tenga mwenyewe, mara ya kwanza tangu aumie, anakuja mlangoni kufuata jua. Nikamfungia mlango.