Chaguo la Pili la Nyamisi

Sogea karibu, wewe unayemaliza kidato cha sita, nikueleze kazi iliyonitia mvi.

Siku yangu ya kwanza kazini, sekondari moja ya Musoma, maduka yalikuwa matupu na chaki ilikuwa adimu kama sukari. Mkuu wa Shule alinipa vipande vichache na cheo nisichokiomba: mwalimu mshauri, yaani wa kuwaongoza wanafunzi kuchagua kozi za chuo. "Kijana," aliniambia, "wote watakutajia udaktari. Usiwacheke. Waulize tu, ukiukosa je?"

Wengi walidhani chuo kikuu kina mlango mmoja. Hapana. Kila kozi ilikuwa na nafasi zake na alama za kukata, yaani alama za yule wa mwisho kuchukuliwa. Alama zilizokataliwa kwenye udaktari zingeweza kupokelewa kwenye kilimo. Kwa hiyo kozi uliyoandika ilipunguza au kuongeza bahati yako.

Nilipohamishiwa Bunda, maduka yalikuwa yamejaa tena bidhaa na wazazi wameanza kuchangia elimu. Huko nilimfundisha Nyamisi wa kijiji cha Mugeta, hodari wa biolojia, fizikia ikimsumbua. Baba yake, Mzee Makuru, mfugaji, alikuwa ametangaza udaktari mbele ya ukoo. Basi binti akaandika udaktari katika machaguo yote matatu ya fomu ya chuo, kuonyesha msimamo. Nikamwita mzee, tukakaa naye pamoja na binti.

"Mwalimu, nikishasema mbele ya wazee sirudigi nyuma. Unataka wanicheke?"

"Akikosa, mzee, atarudi kukaa nyumbani. Ukienda mnadani kutafuta dume, yule uliyempenda akikushinda bei, unarudigi mikono mitupu?"

"Aa, naangalia mwingine."

"Si ndiyo hivyo?"

Akacheka, akijua mimi ni Mjita, watu wa uvuvi. "Nyie Wajita mnavua mpaka watu!" Akamgeukia binti yake. "Haya mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Nyamisi alitazama chini. "Kutibu mifugo, baba. Ndama wetu wanakufa kila masika, na sisi tunaangalia tu."

Mzee akamsogezea fomu. "Hiyo iandike ya pili. Wazee nitawaeleza mwenyewe."

Majibu yalipotoka, udaktari wa watu ulimpita kidogo tu. Chuo cha Morogoro kikamwita kusomea mifugo.

Sasa nimestaafu, napalilia mihogo yangu Butiama, na wajukuu bado wananiletea swali lilelile la kozi ipi wachague. Kupenda kozi ngumu si kosa. Iweke ya kwanza. Ila leo, kabla hujalala, andika kozi tatu tofauti, na kando ya kila moja masomo inayoyataka. Kisha futa ile usiyokuwa tayari kuisoma, utafute nyingine.