Kipande cha Bure

Sijawahi kuamini kitu cha bure. Sijui nilizaliwa hivi au ni soko la Garissa lililonifanya hivi, lakini mtu akinipa kitu bila kudai chochote, mimi huangalia mikono yake, halafu nyuma yangu, halafu mikono yake tena. Nyumbani walinicheka sana kwa hilo. Walisema siku ya kufa nitamuuliza malaika anataka nini kwangu. Wacha wacheke.

Kwa hiyo yule muuza kanda alipofungua kibanda mkabala na meza yetu ya maziwa, katikati ya miaka ya tisini, nilimshuku kabla hajamaliza kupigilia mabati.

Meza ilikuwa ya mama yangu, ambaye sisi watoto tulimwita hooyo. Aliuza maziwa ya ngamia yaliyokuja kwa lori kutoka upande wa Modogashe, ndani ya madumu ya njano yaliyofunikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na ninangoja kazi ya ofisi ambayo kila mtu aliapa kwamba iko njiani. Nilipokuwa nikingoja nilimsaidia sokoni. Kupima alipima yeye, kubishana na wateja nilibishana mimi, na sijisifu nikisema niliiweza kazi yangu.

Muuza kanda alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, aliyevuka mpaka na magunia ya kanda za nyimbo na mashairi wakati nchi yake inateketea. Watu wengine walivuka na masufuria. Alikuwa na redio mbili za kaseti zilizounganishwa kwa waya, betri ya lori, na kipaza sauti cha aina ya msikitini alichokitundika juu ya mti mrefu ili soko zima lisikie. Adhana ikianza alizima, hilo nakiri. Saa nyingine zote alitupigia muziki bila kuombwa na mtu.

Lakini ulikuwa muziki gani? Vipande. Wimbo unaanza kukolea, wewe unaanza kutikisa kichwa, mara kat, sauti yake mwenyewe inaingia juu ya wimbo na kukuambia duka la pembeni limeshusha sukari, magodoro yamefika, basi la Wajir linaondoka asubuhi. Wenye maduka walimlipa kwa maneno hayo. Halafu, kwa ajili ya askari na walimu waliotoka bara, alimalizia kwa Kiswahili chake: “Hii ya nje ni bure. Kama nataka yote, ingia ndani, liba!” Watoto wa mtaa wote walimwigiza hiyo “liba” yake, maana “lipa” ilimshinda kutamka. Ukiingia ndani na kanda yako tupu na kumlipa, alikurekodia wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, na hutasikia habari ya sukari hata mara moja.

Hooyo alimpenda, kwa sababu muziki ulivuta watu na watu walikunywa maziwa. Mimi nilimwambia huyo anatulisha danganya toto, anatuonjesha ili tuwe na kiu. Akaniuliza mbona sisi wenyewe tunawaonjesha wateja maziwa kwenye kifuniko. Sikukubali.

Wazee wa mkahawa wa chai walikuwa na shaka yao, na hiyo ilikuwa nzito kuliko yangu. Kwetu shairi lina mwenyewe. Mtu akitaka kulisoma mbele za watu, lazima kwanza aseme limetungwa na nani, mwana wa nani, wapi, na kwa sababu gani. Ndipo alisome, bila kuongeza wala kupunguza neno. Anayelisoma bila kumtaja mwenyewe ni mwizi, na ataulizwa hadharani bila kuonewa haya. Hata kwenye kanda ilikuwa hivyo hivyo: msomaji alianza kwa maneno makavu ya kumtaja mtunzi, kisha ndipo shairi. Muuza kanda aliyakata maneno hayo kwenye vipande vyake vya nje. Alisema soko halitaki hotuba, linataka utamu. Wazee walisema mtu anayefuta majina ya watu ana jambo analolificha. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa upande mmoja na wazee.

Basi asubuhi moja hooyo alikuwa anampimia maziwa mke wa askari. Kutoka juu ya mti ikaja sauti ya mwanamume akisoma shairi, taratibu, huku akiburuta mwisho wa kila mstari na kukohoa kidogo kabla ya kuanza mwingine. Hooyo akaendelea kumimina. Kikombe kikajaa, maziwa yakafurika mezani, yakashuka hadi kwenye viatu vya yule mama. Mama yangu hakuwa mtu wa kumwaga hata tone.

“Huyo ni ndugu yangu,” akasema. “Yu hai.”

Ndugu yake alikuwa mmoja tu wa tumbo moja, abti wangu, yaani mjomba, mdogo wake ambaye yeye alimbeba mgongoni. Alikuwa dereva wa lori upande wa Kismayu na mtunzi anayejulikana na watu wa visima. Vita vilipoanza, habari zake zilikatika. Mmoja alisema amemwona Liboi, mwingine aliapa yuko Yemen, mwingine akaja nyumbani na uso wa msiba akitaka kutoa pole. Hooyo alimfukuza. Tangu hapo hakukubali pole ya mtu yeyote, wala hakukubali dua ya marehemu isomwe kwa jina la ndugu yake. Alisema huwezi kumzika mtu kwa umbea.

Na lile shairi lilikuwa lake, sikuwa na la kupinga. Lilimtaja ngamia jike mwenye sikio lililoraruka na kisima ambacho yeye na dada yake walichotea maji utotoni. Mambo hayo hayajulikani nje ya nyumba yetu. Nalo lilitaja watu wanaoukimbia mji, kwa hiyo lilitungwa baada ya vita kuanza. Na kile kikohozi, hooyo alisema, alikianza akiwa mtoto na hakukiacha. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilifurahi pia, lakini hata katika furaha hiyo nilijikuta natazama kile kibanda na kujiuliza huyu mtu ameipata wapi sauti ya abti.

Hooyo aliacha meza na kuvuka kwenda kwake vile vile, mikono imelowa maziwa. Alitaka shairi zima, na hasa alitaka mwanzo wake, kwa sababu mwanzoni msomaji husema yuko wapi na limetungwa lini. Angejua ndugu yake yuko mji gani. Alirudi amekunja uso. Muuza kanda alikuwa amemwambia kanda si yake, mwenyewe ameichukua, aje siku nyingine.

Ameichukua saa ngapi, nilimuuliza, ikiwa sasa hivi ilikuwa inaimba? Hooyo akasema labda hakumwelewa vizuri. Mimi nilikuwa nimeelewa. Mfanyabiashara ameona mama mzee anatetemeka kwa hamu, na bei imepanda papo hapo.

Halafu yakaja mambo ya ajabu. Kwanza, lile shairi halikupigwa tena nje. Vipande vingine vyote viliendelea, hicho kimoja kikatoweka. Pili, siku hooyo alipokwenda kumkumbusha, yule mtu alimpa kanda nyingine ya mashairi, nzima, safi, ya kulipiwa, akakataa pesa. Juma lililofuata akampa nyingine. Huyu ambaye hakuwahi kumalizia mtu ubeti mmoja kwa hisani! Nikamwambia hooyo waziwazi kwamba huyu anatufunga mdomo. Pengine kanda ameiiba. Pengine abti yuko mahali na huyu anajua, na kuna kitu walichokoseana. Nilipika dhana mpaka zikaanza kunichoma mwenyewe, na kila nilipomtazama ng'ambo ya njia, alikuwa anatazama pembeni. Mtu mwenye roho safi hutazama pembeni kwa nini?

Hooyo alianza kudhoofika. Asubuhi alifika sokoni kabla ya lori na kukaa ameelekeza sikio juu kwenye mti, akingoja. Wateja walimsemesha asisikie. Alikuwa ameanza kupanga safari ya kuvuka mpaka, yeye na magoti yake mabovu, katika njia ambayo hata wanaume wenye bunduki waliiogopa. Alisema akishajua mji tu, ataondoka. Aliuza bangili zake ili apate nauli. Hapo ndipo nilipochoka kushuku kwa mbali.

Nilinunua kanda tupu mpya, ya bei ghali, ikiwa bado na karatasi yake ya nailoni. Nikaingia kibandani, nikaiweka mezani pamoja na pesa, nikamwita kama baba mdogo, “Adeer, sema bei yako. Leo sitoki bila lile shairi.”

Alizitazama pesa. Akasema, “Hiyo siuzi.”

Nikamuuliza kama anauza kila kitu hadi sauti yake mwenyewe, kwa nini hii moja haiuzwi. Nikamwambia mama yangu anataka kwenda kufa njiani kwa sababu ya kipande chake cha bure. Nilimwambia na mengine, ya mdomo wangu, ambayo hayahitaji kuandikwa. Nilipogeuka niondoke nilimkuta hooyo mlangoni. Alikuwa amenifuata. Alivuta kreti la soda, akaketi, akasawazisha shungi lake.

“Eeddo,” muuza kanda akamwambia, kama anayemwita shangazi yake, na sauti yake haikuwa ile ya kuuza, “kile cha nje ulichosikia kinakutosha. Kichukue. Nitakurekodia hicho.”

“Mwanzo wake uko wapi?” hooyo akauliza.

Muuza kanda akainama chini ya meza, akafungua bati la maziwa ya unga, akatoa kanda. Haikuwa imechukuliwa na mtu. Nilitaka kumrukia, lakini hooyo aliniwekea mkono. Akairudisha nyuma mpaka mwanzo kabisa, akabonyeza.

Msomaji alizungumza kwanza, kwa maneno makavu kama inavyotakiwa. Alisema shairi hili limetungwa na fulani. Akataja jina la abti, la baba yake na la babu yake. Akaongeza, Mungu amrehemu. Akasema alilitunga akiwa mgonjwa, wakati watu wanaukimbia mji, akimkumbuka dada yake. Na mimi ninayelisoma, akasema, nilikaa naye kitandani pake nikajifunza kinywani mwake, na ninalisoma kama alivyolisoma, sikuongeza wala sikupunguza. Kisha akakohoa kidogo, na shairi likaanza, kwa sauti ile ile.

Msomaji alikuwa amehifadhi kila kitu cha abti. Mwaminifu yule alihifadhi hata kikohozi.

Hooyo hakupiga kelele. Alisikiliza shairi mpaka mwisho, mikono imelala mapajani. Mwisho ambao hatukuwahi kuusikia ulimwambia dada yake asikae njiani akingoja magari. Lilipokwisha alimuuliza muuza kanda kama alijua. Akasema mwanzoni hapana, alikata jina kama alivyokata majina yote, kwa sababu ya soko, wala hakujua mwenye jina ni nani kwetu. Alijua ile asubuhi, alipomwona akivuka njia na mikono ya maziwa huku akisema ndugu yangu yu hai. Hakuweza kuizima furaha hiyo. Akasema alipanga kila siku kumwambia kesho.

Mimi sikujua nifanye nini na hasira yangu. Hata leo, nusu yangu inasema alimhurumia mama, na nusu nyingine inasema alijihurumia mwenyewe, maana angeanza kwa kutoikata kanda tusingefika hapo. Sikumwomba radhi, naye hakuniomba.

Hooyo alifungua fundo la leso yake, akatoa pesa za maziwa ya siku hiyo, akaziweka juu ya redio.

“Lipeleke nje,” akasema. “Tangu mwanzo. Na jina lake.”

Muuza kanda alizisukuma zile pesa zirudi. Alitikisa kichwa. Hooyo alimshika kiganja, akakifungua na kuziweka ndani, kisha akavifunga vidole vyake kimoja kimoja.

“Chukua, walaal, ndugu yangu. Nimelipa ili usitangaze sukari juu yake.”

Tulirudi kwenye meza yetu. Kipaza sauti kilikoroma, halafu msomaji akaanza kuwaambia watu wote wa soko jina la abti, na la baba yake, na la babu yake. Kwenye mkahawa vikombe vilishushwa. Wazee waliinua viganja vyao palepale walipoketi, na wapagazi, na wanawake wa mboga, na hata mke wa askari ambaye hakuelewa neno alisimama kwa sababu wengine wamesimama. Shairi likasomwa lote. Hakuna aliyeuza kitu.

Lilipokwisha, mzee wa kwanza alivuka njia, akasimama mbele ya hooyo na kumpa pole ya ndugu yake. Nilimwangalia hooyo, nikiwa tayari kumzuia asimfukuze. Hooyo akaitikia amina, akamsogezea kreti akae. Nyuma ya mzee watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni, na mama yangu akawapokea wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka maziwa yakachacha kwenye madumu.