Koti la Bwana Mkubwa

Wazazi wake walimpa jina jingine, lakini ofisini kila mtu alimwita Mama Funguo, kwa kuwa ndiye aliyefungua milango asubuhi na kuifunga jioni. Alikuwa mhudumu: anafagia, anachemsha chai, anawapanga watu kwenye benchi. Alikuwa pia na kazi nyingine ambayo hakuna aliyewahi kumwagiza. Kila asubuhi alikung'uta vumbi kwenye koti jeusi lililovalishwa kiti cha Bwana Mkubwa, akakizungusha kiti kidogo kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi, akaweka mezani kikombe cha chai ya moto. Mlango aliuacha nusu wazi.

Mwananchi akichungulia, anaona koti, anaona mvuke wa chai.

"Bwana Mkubwa yupo?"

"Yupo, ametoka kidogo. Kaa usubiri."

Basi mtu anakaa. Wengine walikaa mpaka miguu ikafa ganzi, na bado wakaondoka wakishukuru, maana koti halikuwahi kumjibu mtu vibaya.

Kitu kimoja tu kilimtia Mama Funguo wasiwasi, na hakukisema kwa mtu: lile koti lilikuwa na joto. Asubuhi, madirisha bado yamefungwa na sakafu ina baridi, akiweka kiganja mgongoni mwa koti alikuta uvuguvugu wa mtu. Na jioni kikombe kilikuwa kitupu. Alijiambia ni panya.

Mvua zilipoanza, mdogo wake wa tumbo moja alikuja kukaa kwenye benchi. Daraja la miguu la mtaani kwake lilikuwa limeoza, mbao zinalia ukikanyaga, na wanawe walilivuka kila siku kwenda shule. Mafundi walikuwepo na mbao zilikuwa stoo. Ilikosekana amri ya Bwana Mkubwa, basi.

"Dada, niambie ukweli. Yupo?"

 Mama Funguo angeweza kumwambia, lakini ulimi ulishazoea njia yake.

"Yupo. Ametoka kidogo."

Akaona aibu. Aliingia jikoni akasugua vikombe vilivyokuwa safi.

Mdogo wake alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku moja alimfuata jikoni, uso umekunjuka.

"Nimemwona, dada. Amenionyesha kwa mkono nisubiri. Mtu mpole kweli."

Mama Funguo alimgeukia. "Umemwona uso?"

Mdogo wake aliinua kiganja, akaonyesha ishara ile ile.

"Nimeona mkono," akasema.

Wiki hiyo hiyo aliletwa mkuu mpya, mwanamke mfupi wa mwendo wa haraka, aliyetumwa kuzinyoosha ofisi zilizolala. Alisimama mlangoni akalitazama koti.

"La nani hili?"

"La Bwana Mkubwa," makarani wakajibu kwa pamoja.

"Anafananaje?"

Karani mmoja alisema ni mrefu. Mwenzake akasema hapana, ni mfupi mnene.  Mama Funguo, aliyemwandalia chai miaka nenda rudi, aliutafuta ule uso kichwani akapata kola tupu. Akashika fremu ya mlango.

"Liondoeni," mkuu mpya alisema.

"Mama, msimfukuze," mdogo wake Mama Funguo akadakia kutoka kwenye benchi. "Alisema nisubiri."

Mkuu mpya alimgeukia. "Unasubiri nini?"

Akaelezwa habari za daraja, mbao na watoto.

"Twende ukanionyeshe. Mafundi waje na mbao nyuma yetu."

Lile koti jeusi likatupwa stoo. Mkuu mpya akavua koti lake zuri la ofisini lisije likalowa, akalitundika kwenye kiti kile kile, akachukua mwavuli.

"Mama Funguo, watu wakija waambie nimetoka kidogo."

Alisema tu kama mtu yeyote anavyosema, akaondoka.

Mama Funguo alibaki na makarani walioinamisha vichwa. Aligundua ameshika kikombe cha chai ya moto, na hakukumbuka kuimimina. Kwa mbali, upande wa mtoni, nyundo zilianza kugonga. Ndipo akaingia mzee mmoja aliyelowa chapachapa.

"Mkuu mpya yupo?"

Mama Funguo aligeuka. Kiti kilikuwa kimezunguka kidogo, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Hakuna aliyekigusa. Maneno ya zamani yalikuwa tayari mdomoni, na aliwawaza watoto wa mdogo wake juu ya zile mbao.

"Hayupo, baba," akasema. "Yuko darajani."

Mzee alitupa jicho juu ya bega la Mama Funguo, kwenye kiti. "Mbona ananionyesha nikae?"

Na alishaanza kuinama kwenye benchi. Mama Funguo aliweka kikombe chini, akaingia mle ndani, akalinyakua koti la mkuu mpya kitini. Lilikuwa zito kuliko nguo. Akaja akamwekea mzee mikononi.

"Shika mwenyewe. Ni koti tu. Mtu wako yuko mtoni, fuata nyundo."

Mzee alishtuka. "Lina joto."

"Ndiyo, lina joto," Mama Funguo akasema, akimwinua kwa kiwiko. "Nenda, baba, kabla hujakaa."