Mahubiri Niliyomwandikia Mume Wangu

Nimekosa. Sina salamu ndefu. Nimekosa, na nikinyamaza siku moja zaidi nitapasuka!

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, huku upande wa Itigi. Mume wangu anafundisha Hisabati shule hiyo hiyo, na Jumapili ndiye mwinjilisti wa kanisa letu dogo. Watu hawatutaji mmoja mmoja. Asubuhi tunaongozana shuleni, jioni tunaongozana kwa wagonjwa na wafiwa. Wachumba wanaletwa kwetu wajifunze ndoa!

Sasa sikieni siri ya nyumba hiyo. Mume wangu hawezi kuandaa mahubiri. Kuomba anaomba, na kumfariji mfiwa anaweza kuliko mtu yeyote ninayemjua, ila mpe mstari wa Biblia autolee somo, atatoka jasho. Mwaka wake wa kwanza alirudia maneno yale yale mara tatu, wanakwaya wakajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo wanacheka. Aibu niliiona mimi! Wiki iliyofuata nikachukua daftari nikamwandikia. Nilisema ni mara moja tu.

Huu ni mwaka wa tisa.

Akasifiwa. Makanisa ya jirani yakaanza kumwalika. Nami nilikuwa nakaa kwenye benchi la akina mama nasikiliza maneno yangu mwenyewe, watu wakiitikia amina, na moyo unanivimba kwa raha. Siwadanganyi, nilipenda. Hicho ndicho kilichoniponza.

Nina rafiki. Nitamwita Mama Eliza, ingawa si jina lake. Siku moja tunachambua mlenda uani kwangu, akaanza kulia. Akaniambia kwamba kabla ya kuolewa alizaa binti, akamwacha kwa mama yake mzazi, kwao Kilimatinde. Mume wake anajua yule binti ni mdogo wa mkewe.

"Kila miguu yake ikikua namnunulia viatu," akasema, "halafu nasema ni vya mdogo wangu. Mwalimu, mwanangu wa kumzaa ananiita dada!"

Nikamwapia kwamba sitamwambia mtu. Na kweli sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Nikaandika.

Jumamosi ile somo lilikuwa mama yake Musa, yule aliyelipwa kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe kana kwamba ni yaya. Nilikuwa na rundo la madaftari ya darasa la sita ya kusahihisha, na mume wangu anapitapita mlangoni. "Mama Danieli, bado tu?" Nikaandika kwamba hata leo wako akina mama wanaomnunulia mtoto wao viatu huku wakisema ni vya mdogo wangu. Nilijua fika ninamwandika nani! Nikajiambia sijataja jina. Ukweli ni kwamba ule mfano ulikuwa mzuri mno, nikashindwa kuuacha.

Mume wangu aliposoma akauliza, "Huyu mama wa viatu umemtoa wapi?"

"Mfano tu, Baba Danieli."

Jumapili akahubiri vizuri kuliko siku zote. Mume wa Mama Eliza ni muuza asali, alikaa benchi la tatu upande wa wanaume. Viatu vile alishavipeleka Kilimatinde kwa mikono yake mara mbili, akiwa njiani na ndoo zake za asali. Nilimwona anageuza shingo taratibu kumtafuta mkewe. Mama Eliza hakumwangalia. Alikuwa amemkazia macho mume wangu pale mimbarini. Kisha akainuka, akatoka kabla hata ya sadaka.

Wiki ile ile alirudishwa kwao. Watoto wamebaki na baba yao.

Akanipigia simu kutoka Kilimatinde. "Wewe sikulaumu, Mwalimu. Mke atamfichaje mumewe jambo? Namlaumu yeye. Mtumishi wa Mungu mzima anachukua machozi yangu anakwenda kuyahubiri?"

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ni kweli, dada. Hakufanya vizuri." Jamani! Nilisema hivyo mume wangu akiwa uani anamwagilia nyanya!

Alipoingia ndani nikamweleza yote. Hakunitukana. Alikaa kwenye stuli na ndoo tupu mkononi, akasema, "Nikiwaambia wazee wa kanisa hayo sikuandika mimi, wataniuliza ni yapi niliyoandika."

Ndipo nikaona tulivyojifungia. Nikisema ukweli, mume wangu anavuliwa utumishi, na miaka tisa yote inageuka kichekesho cha kijiji na cha shule. Nikinyamaza, yeye ndiye mtoa siri za watu, wakati siri yenyewe hakuwahi kuisikia! Nimegeuza huku na huku, mlango siuoni.

Lawama za Mama Eliza zikawafikia wazee, wakamwita. Akasema, "Nimekosa, wazee wangu." Walipouliza nani alimwambia habari ile, akainama tu. Wakamsimamisha huduma mpaka aandike barua ya toba, aisome mbele ya kanisa.

Akaniletea karatasi. Akaiweka mezani mbele yangu, akavuta kiti, akasubiri.

Nikaandika! Nikatubu dhambi yangu kwa jina la mume wangu, tena kwa lugha tamu. Alipoisoma watu walilia. Nje, mzee wa kanisa akanisimamisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Mshukuru Mungu amekupa mume mnyenyekevu. Ile barua imetoka moyoni kabisa."

Nikasema asante.

Amerudishiwa mimbari. Nyumbani tunaongea habari za chumvi, za ratiba ya vipindi, basi. Daftari bado linakuja kila Jumamosi, nami bado naandika, kwa sababu akisimama bila karatasi watajua.

Ninyi wake wa watumishi, na ninyi walimu wenzangu mnaojiona mnajua kupanga maneno, nawasihi. Mtu akikulilia, usiyatumie machozi yake, hata ufiche jina namna gani. Mwenyewe atajijua, na wa kwake watamjua. Na mumeo akishindwa kuhubiri, mwache ashindwe! Kwaya icheke mpaka ichoke. Kucheka kwao kungekwisha siku ile ile.

Mama Eliza bado ananipigia simu. Juzi ameniambia kwamba katika watu wote wa kanisa lile, rafiki aliyebaki naye ni mimi tu.