Sokwe Aliyemng'ata Baba

Mwaka wa mvua za Elninyo nilimleta sokwe nyumbani kwetu Sitalike, na kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya hapo niliamini kwamba nimemwua baba yangu.

Alikuwa sokwe mtoto, uzito wake kama wa mtoto wa miaka miwili. Walimkuta ndani ya gunia, kwenye lori lililokwama kwenye matope. Watu wa wanyamapori walimchukua, lakini barabara ya Mpanda ilikuwa imekatika, na gari la kuja kumfuata halikuwa na pa kupita. Wakawa wanatafuta nyumba ya kumhifadhi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa tu nasubiri matokeo na kujiona msomi kuliko kijiji kizima. Nikasema tutamchukua sisi. Baba alikataa mara tatu. Nikalia. Baba hakuwahi kuyashinda machozi yangu, nami nilijua hivyo, ndiyo maana niliyatumia.

Nyumbani tulikuwa wanne: baba, ambaye alikuwa fundi baiskeli kando ya barabara, mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa darasa la tano, na bibi aliyemzaa baba. Mama alifariki tukiwa wadogo, bibi ndiye aliyetulea. Bibi alikuwa Mbende wa milimani, huko huko kwenye sokwe, na alipomwona yule mtoto mgongoni kwangu aliniuliza, "Mke mwenza, umembeba utafikiri wako. Baba yake nani?" Ndivyo alivyozoea kunitania. Mdogo wangu hakutaka hata kumsogelea. Miezi yote mitatu sokwe aliyokaa kwetu, mdogo wangu alikuwa radhi kula uani kwenye manyunyu kuliko kukaa naye jikoni.

Mwezi wa kwanza haujaisha, sokwe aliokota spana namba kumi na tatu kwenye sanduku la baba. Baba akavuta, sokwe akavuta, kisha akamng'ata baba kidole gumba, damu ikachuruzika mpaka kwenye mnyororo wa baiskeli ya mteja. Baba alicheka. "Huyu anataka kazi," alisema, akafunga kidole kwa kitambaa, akaendelea kuziba pancha. Toka siku hiyo wakawa marafiki. Sokwe alikaa kwenye kigogo kando yake akishika pampu, na watu walikuja na baiskeli nzima ili wamwone tu.

Mwezi wa tatu macho ya baba yakawa ya manjano.

Siku hizo hizo barabara ilifunguka, na daktari wa mifugo akaja kumfuata sokwe. Alikuwa Msukuma kijana, mpole, aliyefanya kazi na watafiti wa magonjwa ya sokwe na nyani. Alimwangalia baba machoni, akakiona kile kidole chenye kovu. Akaomba damu ya sokwe na damu yetu. Bibi alikataa ya kwake. "Yangu imeshazeeka, itakusumbua bure," alisema. Kwa hiyo akachukua ya baba, ya mdogo wangu na ya kwangu. Sokwe alipotolewa mgongoni kwangu alipiga kelele hadi watoto wa jirani wakaanza kulia, ikabidi niende naye Mpanda ndani ya gari. Nilikaa huko siku tatu, mpaka alipomzoea mtu mwingine.

Niliporudi nilikuta baba na mdogo wangu wamechanjwa chale kifuani.

Kwa bibi, ambaye hata majirani walimjia kuchanjwa, ugonjwa ulioingilia kwenye jeraha hufungiwa mlango kwa jeraha. Wembe huanza kwa mgonjwa. Haufutwi, hauoshwi, unatoka kwake na kwenda moja kwa moja kwa mzima, kwa sababu wembe ulioonja ugonjwa ndio unaoujua. Kisha chale hupakwa majivu ya mizizi. Hivyo ndivyo mama yake alivyomkinga yeye, na yeye sasa alikuwa anatukinga sisi.

"Umebaki wewe tu," bibi aliniambia. "Fungua vifungo."

Nilikataa. Nilimwambia nimesoma baiolojia, na mambo hayo ni ya kizamani. Sikuwa nawaza baiolojia hata kidogo. Nilikuwa nimepata Mpanda blauzi yenye shingo ya wazi, na sikutaka makovu yaonekane. Bibi hakugombana nami. Aliufunga wembe kwenye kitambaa, akakaa akiniangalia kama mtu aliyeacha mlango mmoja bila komeo.

Miezi miwili hivi baadaye daktari alirudi na majibu. Baba alikuwa na homa ya ini, ile aina ya B. Sokwe naye alikuwa nayo. Mimi na mdogo wangu tulikuwa hatuna. Tulikuwa tumesimama penye banda la baiskeli, baba amelala ndani, tumbo limeanza kujaa maji. Nikamwuliza daktari kama ni sokwe aliyempa.

"Sijui, dada," alisema. "Kipimo chetu kinaviita virusi vyote jina moja. Lakini virusi hivi haviko sawa. Sokwe wana vya kwao, nyani wakubwa wa Asia wana vya kwao, hata watu wa huku na watu wa mbali vyao vinapishana. Wewe ukimsikia Msukuma anaongea Kiswahili, si unamjua?"

"Hata akiwa nyuma ya ukuta," nikasema.

"Na Mfipa?"

"Namjua."

"Basi. Kiswahili kimoja, lakini lafudhi inakuambia mtu kakulia wapi. Na hivi virusi vina lafudhi. Kuna watu ng'ambo wanaweza kuisoma herufi kwa herufi. Nitawapelekea damu. Ila mtasubiri sana."

Wakati tunaongea mdogo wangu akapita na ndoo kichwani. Daktari alimwita, akamwinua kope. Manjano. Akachukua damu yake mara ya pili. Mimi sikuelewa kwa nini.

Baba alifariki kabla ya mpunga wa mashamba ya Mwamkulu kuvunwa. Mdogo wangu alilala wiki nyingi, kisha macho yakarudi meupe, akapona. Kwenye msiba hakuna aliyenituhumu usoni, lakini wanawake walinyamaza nilipoingia jikoni, na niliposhika mwiko mmoja wao akaupokea taratibu akasema nipumzike. Nilijua wanachowaza kwa sababu ndicho nilichokuwa nawaza mimi. Bibi peke yake ndiye aliyesimama nami. "Nyie mwacheni mjukuu wangu," aliwaambia. "Mnyama ndiye aliyeng'ata. Yeye hajang'ata mtu." Nilimshukuru, na bado sikulala. Nililia nikampata sokwe. Nililia tena, baba hakurudi.

Barua ya daktari ilifika mwaka uliofuata, kwa mkono wa dereva wa lori. Niliisomea kwenye kigogo cha sokwe. Aliandika kwa Kiswahili chepesi ili nielewe. Virusi vya sokwe ni vya sokwe wenyewe, vya siku nyingi, havikutoka kwa mtu. Virusi vya baba ni vya binadamu, kama vile wanavyovikuta kwa watu wengi wa nchi zetu. Vinapishana mahali pengi mno. Kimoja hakiwezi kuwa kimezaa kingine. Huenda baba alikuwa navyo miaka mingi kabla hata sokwe hajazaliwa.

Niliipiga barua kwenye paja nikacheka kwa sauti, peke yangu, barabarani. Nilijisikia mwepesi. Nilitaka kukimbia nyumba kwa nyumba nikiwasomea wale wanawake.

Halafu nikageuza ukurasa. Mdogo wangu, aliandika, hakuwa na virusi mara ya kwanza. Mara ya pili alikuwa navyo, na vililingana na vya baba herufi kwa herufi. Hakujua vimepitaje. Akaniuliza kama kuna kitu chochote chenye ncha kali ambacho wawili hao walitumia pamoja katika siku zile.

Nilikaa pale hadi jua lilipohamia upande wa pili wa barabara. Mtoto ambaye hakumgusa sokwe hata kwa kidole ndiye aliyeugua. Mimi niliyelala naye nilikuwa mzima, shauri ya blauzi.

Bibi alikuwa uani anapepeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha ungo.

"Barua inasemaje?"

"Inasema sokwe hana kosa, bibi. Ugonjwa wa baba ulikuwa wa watu."

"Mungu ashukuriwe. Umepona, mke mwenza." Akapepeta kidogo. "Na wa mdogo wako?"

"Hawajui," nikasema. Niliweza kumdanganya nikiwa namtazama machoni, na sikuona haya. Alikuwa amemzika mwanawe. Sikuwa tayari kumpa na hilo.

Bibi aliuweka ungo chini. Kuku wakaanza kudonoa mchele na hakuwafukuza. Kisha akasema, "Mimi sijui kusoma, mjukuu wangu. Lakini nilichanja wawili. Mmoja alikuwa anaumwa, mmoja mzima. Na wewe ulikataa."

Nilikwenda nikakaa karibu naye, akaweka mkono wake kichwani kwangu, tukalia wote, yeye kwa sauti ndogo sana.

Asubuhi alimtuma mdogo wangu dukani akanunue pakiti nzima ya nyembe. Toka hapo, kila jirani aliyekuja kuchanjwa alipewa wembe wake, na ukishatumika bibi aliutupa chooni mwenyewe. Akiulizwa alisema dawa imebadilika. Lakini siku ile ya kwanza, kabla hajamhudumia mtu yeyote, aliniita mimi. Alifungua karatasi ya wembe mbele yangu polepole, akaninyooshea kwenye kiganja nione.

"Huu haujamgusa mtu," alisema.

Nikafungua vifungo.