Usingizi wa Ambrosi

Ambrosi wa Igalula hakuwa mvivu, na anayesema alikuwa mvivu akaseme mbele ya Apolinaria, mkewe, aone kitakachompata. Kila kiangazi aliingia porini kurina asali, akarudi na malindo mawili, makasha ya magome, yamejaa, yananing'inia huku na huku kwenye mti wa mzega begani, mwendo wa siku tatu. Babu yake alibeba pembe za ndovu hadi pwani. Kwa watu wale, mwanamume kusema "nimechoka" ilikuwa aibu kuliko kuiba.

Mwaka wa nzige, zama za Mwingereza, alirudi kutoka porini akakuta binti yake, Flavia, ameshazikwa. Surua. Tangu hapo nguvu zikamtoka. Jembe likamshinda, kichwa kikawa kinamuuma, homa inakuja na kuondoka. Mchana kutwa usingizi. Siku moja alisinzia katikati ya kula, tonge mkononi.

"Huzuni hiyo," alisema Mahona, kaka yake mkubwa.

Apolinaria aliamini, na kwa nini asiamini? Yeye mwenyewe mchi ulikuwa unamwelemea, akitwanga mara tano anakaa chini. Alipomkanda mumewe shingo, vidole vyake vilikuta vivimbe. "Mzega umekuota mwilini, baba Flavia," akamtania. Ambrosi akacheka kidogo, na mkewe hakumwona akicheka tena.

Mwezi uleule akaja Raymundi, dresa, tabibu wa serikali, kupima ugonjwa wa malale, maana pori lile lilijaa mbung'o. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, akawaita watu wote barazani. Mahona akakataa katakata: mfiwa ambaye hajanyolewa haketi na watu, atawaletea mkosi. Basi Raymundi akaja mwenyewe hadi mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba. Nasikia baba analala mchana. Nimtoboe kidole tu, si zaidi."

"Marahaba. Mwache, mwanangu," alisema Apolinaria, amesimama katikati ya mlango. "Hata mimi sina nguvu. Tumefiwa."

Raymundi hakutaka kugombana na wafiwa. Akaenda zake.

Wakanyolewa, matanga yakaisha. Asubuhi moja Apolinaria alitwanga mtama kinu kizima, akashtuka kujisikia anaimba. Mchi ukamdondoka. Loo! Kama huzuni yangu inapungua, mbona ya mwenzangu inazidi? Akakimbia ndani. Ambrosi, mpole yule, alimwita kwa jina la mama yake mwenyewe, kisha akampiga kofi.

Wakamfunga kwenye machela, wakambeba hadi kambi ya malale. Mjukuu wa mpagazi, leo mzigo ni yeye! Raymundi akampapasa shingo.

"Vivimbe hivi vya lini, mama?"

"Vya mzega."

Raymundi akapima damu, akarudi uso umemshuka. "Ugonjwa umeshapanda kichwani. Siku ile, mama... siku ile ningemwahi." Sindano alimchoma hivyo hivyo. Siku ya kumi na moja Ambrosi alilala, hakuamka.

Baada ya mazishi Apolinaria hakuweza kuinua hata kata ya maji. Alilala mchana. Alisinzia na chakula mbele yake. Na Mahona, mkali yule wa mila, hakungoja watu wanyolewe. Alimshika shemeji yake mkono, wakapita mbele ya baraza watu wakitazama, wakaenda kambini kwa mguu.

"Mpime," alisema, akageuka kando akilia.

Raymundi akamtoboa kidole, akainama kwenye hadubini yake muda mrefu. Akampapasa shingo taratibu, kulia na kushoto. "Damu yako safi, mama," alisema. "Huna malale. Ni huzuni tu."

Apolinaria alimkamata mkono.

"Pima tena, mwanangu," alisema. "Pima tena."